Sauti za Wanawake wa Cairo Zilizonaswa kwa Waya

Mchezee mzee wa Kibokoni au wa Lamu santuri iitwayo "Crossing Into the Electric Magnetic", na hapana shaka atakuuliza kama mashine yako imeharibika. Hamna udi humo wala fidla. Hamna kiitikio cha kushika wala pahala pa kupigia kofi. Kuna mngurumo unaokuja na kurudi, kuna mwangwi, kuna sauti za watu zilizovutwa mpaka zikawa kama moshi wa chetezo katika chumba kilichofungwa madirisha. Walio wengi watasikiliza nusu dakika, watacheka, kisha watatafuta kanda ya Juma Bhalo.

Siwalaumu. Muziki huu unaoitwa wa majaribio umezoeleka kuwa mchezo wa watu wachache wenye nafasi, na mwingi wake, nasema bila ya kuficha, haustahili saa yetu. Lakini santuri hii moja ina jambo ndani yake linalotuhusu sisi watu wa pwani, tena Waislamu, pengine kuliko linavyowahusu maprofesa wanaoisifu. Wao husifu mashine. Mimi nataka kuuliza habari za walioimba.

Mtunzi wake ni Halim El-Dabh, Mmisri, aliyezaliwa Cairo mwaka wa 1921 katika jamaa ya Wakristo wa Kikopti, akafa Kent katika jimbo la Ohio, Marekani, mwaka wa 2017, akiwa na umri wa miaka 96. Masomo yake ya kwanza hayakuwa ya muziki bali ya uhandisi wa kilimo, na katika kazi hiyo alifanya majaribio ya kutumia sauti kufukuzia wadudu mashambani. Nalitaja jambo hili dogo kwa sababu laonyesha jinsi alivyoitazama sauti tangu ujana wake. Kwake sauti ilikuwa na nguvu ya kutenda kazi, kama dawa au kama maji, wala haikuwa ya kuburudisha masikio peke yake.

Mwaka wa 1944, vita vya pili vya dunia vikiwa bado havijakwisha, kijana huyu aliazima kutoka kwa stesheni moja ya redio mjini Cairo kinasa sauti cha waya. Vijana wa leo hawakiwahi chombo hicho, hata wazee wengi hawakukiona. Kabla ya utepe wa plastiki kuenea, sauti ilinaswa juu ya waya wa chuma mwembamba kama unywele, ukapita mbele ya sumaku na kujizungusha kwenye gurudumu. Waya ukikatika, fundi aliufunga fundo kama mtu afungaye mshipi wa kuvulia, akaendelea. Chombo chenyewe kilikuwa kizito, lakini kilichukulika. Kwa hivyo mtu aliweza kutoka nacho studio akaifuata sauti hapo ilipo.

El-Dabh aliifuata sauti ya zaar.

ZAAR NI NINI

Msomaji wa pwani hahitaji kuelezwa sana. Zaar ni ngoma ya kupunga pepo, ijulikanayo Misri, Sudan, Uhabeshi, Usomali na katika nchi za Ghuba. Mwanamke hushikwa na maradhi yasiyotibika, au huzuni isiyokuwa na jina, na wenziwe husema ameingiliwa. Hukusanywa watu, wengi wao wanawake, hutiwa ubani na udi, hupigwa matari (ndiyo, Wamisri nao huyaita kwa jina hilo hilo), na kiongozi wa kike aitwaye kodia hujaribu nyimbo moja baada ya nyingine mpaka pepo mwenyewe atambue yake. Huko mizimu hiyo huitwa mabwana, na kila bwana ana wimbo wake, rangi yake na karamu yake. Katika baadhi ya zaar mchezaji hujifunga kiunoni mkanda wa kwato za mbuzi, na kila atingishikapo kwato hulia.

Atakayesoma maneno hayo akiwa Mvita, Pemba au Unguja atasema, hii mbona twaijua! Hapa kwetu aliyepandwa huitwa kiti, na pepo naye ana kabila lake na lugha yake, na akija huja kudai. Mabibi zetu waliijua ngoma hiyo hata wale walioikataa, kwani ilipopigwa nyumba ya tatu hakulala mtu.

Na ni haki waliikataa. Wanavyuoni wa Misri wameikemea zaar kwa miaka mingi, na masheikh wetu wamekemea ya huku kwetu kwa sababu zile zile, kwamba kumwomba jini na kumchinjia ni jambo linalogusa msingi wa itikadi. Sina ilimu ya kuongeza hapo wala sina nia ya kupunguza. Lakini kuna tofauti baina ya kushiriki jambo na kujua kwamba lilikuwako. Mwenye kusikiliza santuri hii hapungi pepo. Anasikiliza ushahidi wa namna wanawake wa mji mkubwa wa Waislamu, na Wakristo pamoja nao, walivyolia na kutafuta faraja katika mwaka wa 1944. Atakaye kuwaombea na awaombee. Ila kujifanya hawakuwako hakuwasaidii wao wala sisi.

KILICHOFANYWA STUDIO

Baada ya kunasa ngoma ile El-Dabh alirudi studio, na hapa ndipo kazi yake inapoanza kuwa ngeni. Hakutoa nyimbo zile kama zilivyo, jinsi ambavyo angefanya mtu wa redio au mtaalamu wa mila. Alizicheza ndani ya chumba chenye mwangwi, ambacho kuta zake ziliweza kusogezwa, akazinasa tena. Akazicheza tena, akazinasa tena. Alipunguza nguvu za umeme na kuziongeza. Aliondoa mwanzo wa kila sauti, ule mshindo wa mkono unapopiga ngozi au wa mdomo unapotamka herufi, akabakisha mkia wake tu. Sauti nzito ya chini aliiondoa, zikabaki zile nyembamba za juu zinazoifuata kila sauti kama kivuli. Alieleza baadaye kwamba alikuwa akiitafuta sauti iliyomo ndani ya sauti.

Basi msomaji na alifikirie jambo hili. Maneno yamekwenda. Matari yamekwenda, kilichosalia ni mtetemo wake. Jina la pepo, jina la mgonjwa, dua na laana, vyote vimeyeyuka. Kilichobaki ni kama mtu anayesikiliza karamu ya wanawake kutoka nyumba ya nne, usiku, upepo wa kusi ukivuma, asijue kama wanaimba au wanalia. Kazi hiyo aliiita "The Expression of Zaar". Ilikuwa na urefu wa zaidi ya dakika 20, na ilisikizwa na watu katika nyumba ya maonyesho ya sanaa mjini Cairo mwaka ule ule wa 1944. Sehemu yake ya kama dakika mbili tu ndiyo iliyotiwa katika santuri ninayoizungumza, ambayo ilitoka karibu na mwaka wa 2000, na humo yaitwa "Wire Recorder Piece". Dakika mbili! Mtu huzipoteza akingojea chai ipoe.

Nimezisikiliza dakika hizo mara nyingi, kwa sauti ya juu na ya chini, mchana na usiku, na nasema kwamba ni nzuri. Neno hilo nalitumia kwa kusudi, kwa kuwa wengi wanaoandika juu ya muziki wa aina hii husema ni muhimu, wakakwepa kusema kama ni mzuri. Huu una hofu ndani yake na una upole. Sikio linapozoea, mngurumo ule uliodhaniwa kuwa uharibifu wa mashine huanza kupanda na kushuka kama pumzi za watu wengi pamoja. Mtu aliyekulia karibu na dhikri, akayasikia matamshi yakipungua kidogo kidogo mpaka zikabaki pumzi kifuani, ana sikio la kutosha kuufahamu, na sioni kwa nini aende kufunzwa na chuo chochote cha Ulaya.

Sehemu nyingine za santuri zatoka Marekani, alikokwenda El-Dabh mwaka wa 1950. Mwishoni mwa miaka ile alialikwa katika kituo cha muziki wa elektroniki cha vyuo vya Columbia na Princeton mjini New York, na huko mwaka wa 1959 akatunga "Leiyla and the Poet", ambayo chimbuko lake ni kisa cha Laila na Majnuni kinachojulikana sana kwetu. Wenziwe wengi pale walikuwa wakipanga sauti kwa hesabu. Yeye alikata tepe za sauti za watu na za ala, akazirudisha nyuma, akazizungusha, na ndani yake bado ukasikia mashariki. Nasema ndiyo bora kuliko nyingi zilizofanywa pale, ingawa mwendo wake una mchezo mwingi, na Majnuni mwenyewe namwona yuko hai zaidi katika masimulizi ya bibi kuliko katika tepe. Tuyaache hayo, tuirudie Cairo.

NANI ALIKUWA WA KWANZA

Vitabu vingi vya historia ya muziki huanza habari hii Paris, mwaka wa 1948, ambapo Pierre Schaeffer, mtu wa redio ya Ufaransa, alitoa kazi yake juu ya magari ya moshi. Alinasa vishindo na honi za treni katika stesheni ya Batignolles, akavikata na kuvirudiarudia mpaka vikawa muziki. Kwa miaka mingi ilisemwa kwamba huo ndio mwanzo. Kisha watu wakagundua kwamba Mmisri wa miaka 23 alikuwa amekwisha kufanya jambo la jinsi hiyo miaka 4 kabla, katika bara letu hili. Tangu hapo El-Dabh huitwa baba wa muziki wa elektroniki katika Afrika, na wengine hudondosha hayo maneno ya Afrika kabisa.

Nilifurahi nilipoisoma habari hiyo mara ya kwanza, kama anavyofurahi mtu yeyote aliyechoka kuambiwa kwamba kila kitu kilianzia Ulaya. Lakini tazama tofauti. Mfaransa alinasa treni. Treni haina sitara. Haina mume wala baba, haina jirani atakayesema kesho. Mmisri alinasa wanawake waliokuwa katika hali ambayo hakuna mwanamke apendaye kuonwa nayo na mtu wa nje, nywele zikiwa wazi, akili ikiwa imeondoka, siri za nyumba zikitolewa kwa ulimi wa pepo.

Na aliingiaje? El-Dabh mwenyewe alisimulia katika uzee wake, kwa kucheka kidogo, kwamba wanaume hawakuruhusiwa, kwa hivyo yeye na rafiki yake walijifunika vichwa kama wanawake, wakapenya na chombo chao.

Habari hii husimuliwa Ulaya na Marekani kama kichekesho cha ujana. Sidhani kama kuna nyumba moja ya Mombasa itakayoicheka. Kwetu mlango wa shughuli ya wanawake una maana. Hata leo, katika arusi nyingi za pwani, mwenye kuingia ukumbi wa wanawake huombwa aiache simu au aifunike jicho, na anayepiga picha kwa kificho hufukuzwa, hata awe shangazi wa bibi arusi. Hatufanyi hivyo kwa ushamba. Tunafanya hivyo kwa sababu mle ndani watu wamejiachia kwa kuaminiana, na kilichotolewa kwa kuaminiana ni amana. Picha moja ikitoka, arusi nzima imetoka. Sauti nayo, kwa wengi wetu, si duni kuliko picha.

Ndiposa nasema kwamba sifa ya kuwa wa kwanza ina deni nyuma yake. Kila anaposifiwa El-Dabh kwa kunasa, na isemwe pia kwamba alinasa bila ya idhini, na kwamba habari hii kwa kawaida husimuliwa bila ya jina la hata mmoja wa wanawake wale. Kodia aliyeijua nyimbo ya kila bwana, aliyejua lini aongeze mwendo na lini aupunguze, alikuwa na elimu ya sauti kabla ya kijana yule kujificha kwenye kanga za watu. Alikuwa akitibu kwa sauti. Kijana alikuja kutafuta kama sauti hutibu. Mimi simwoni kodia kama mali ghafi ya mtunzi. Namwona kama mtunzi mwenzake asiyetajwa.

Kuna hoja ya kumtetea, nayo ina uzito. Kwa kuondoa maneno na mishindo, El-Dabh aliwafunika wanawake wale. Hakuna ndugu wala jirani ambaye angeweza kumtambua yeyote miongoni mwao katika mngurumo ule. Aliingia bila ya idhini, lakini alitoka akiwa ameacha siri zao mle mle, na alichowachezea watu katika nyumba ya sanaa kilikuwa kivuli. Angekuwa mtu wa redio angezitangaza nyimbo zao wazi wazi na Cairo yote ingezisikia. Tena hakuwa mtu wa kudharau watu wa mila. Alipokwenda Uhabeshi katika miaka ya 1960, alikusanya mafundi wa masinko, krar, washint na kebero wa makabila mbalimbali, wakaunda Orchestra Ethiopia mwaka wa 1963, na wale walikuwa wakipiga kwa hiari yao mbele ya watu, nyuso zao zikionekana.

Naikubali hoja hii nusu. Buibui ambalo mtu amelivaa mwenyewe na shuka uliyofunikwa na mwingine baada ya kukuchungulia si kitu kimoja. Ila naikubali kiasi cha kutosha hata sitaki santuri ifichwe, kama walivyonishauri wawili watatu niliowachezea. Tukiificha, kodia yule atakuwa amenyamazishwa mara mbili.

Tena wasiseme kwamba zama zile hapakuwa na njia nyingine. Miaka 16 kabla ya waya wa Cairo, yaani mwaka wa 1928, Siti binti Saad wa Unguja alisafiri na wenziwe kwa meli mpaka Bombay kwenda kutiwa sauti katika santuri. Alikwenda kwa miguu yake. Alijua mashine ile ni ya nini, na jina lake liliandikwa juu ya sahani, likazunguka pwani yote mpaka leo watoto wa shule wanalijua. Mwanamke wa Kiislamu, wa pwani, asiyekuwa na mali wala ukoo wa kujivunia, alinaswa sauti na heshima yake ikabaki mkononi mwake. Kilichohitajika ni mtu wa kumwuliza.

Hili halikuishia Cairo. Katika nyumba za Mombasa, Malindi na Lamu mna madroo yaliyojaa kanda za miaka ya 1970 na 1980: arusi, vugo, lelemama, sauti za wanawake waliokuwa hodari wa kujibizana kwa mafumbo mpaka alfajiri. Nyingi zilinaswa na mtoto wa nyumba aliyewekewa kinasa sauti chini ya kiti. Joto na chumvi vinazila. Ukizicheza leo, nyingine zimekwisha kuwa kama "Wire Recorder Piece" zenyewe bila ya studio yoyote, maneno yamefutika na mwangwi umebaki. Na sasa wamekuja vijana, wetu na wa kigeni, wanaozinunua kanda hizo kwa bei ya samaki mmoja, wakazitia katika kompyuta, wakazikata, wakazichanganya na ngoma za mashine na kuzicheza katika mabaa ya miji ya mbali. Baadhi ya kazi hizo zina ufundi wa kweli. Sisemi zisifanywe.

Lakini wao hawana udhuru wa El-Dabh. Yeye alikuwa na waya mmoja wa kuazima, na wanawake aliowanasa hawakuwa wa mtaa wake. Waimbaji wa kanda zetu wengine wangali hai, na waliokufa wana mabinti. Bibi mmoja wa Mji wa Kale, niliyemtajia habari hii, hakuuliza fedha wala sifa. Aliuliza wimbo gani, na wa arusi ya nani, kwa kuwa zimo alizoziimba ukumbini kwa ajili ya kila mtu, na zimo za chumbani ambazo hata wajukuu wake hajawaimbia.